Kayaki kwa anayeanza: uliza upepo na maji kabla ya kuuliza mandhari

Likizo zikikaribia, picha za kayaki huzagaa mitandaoni: maji ya kijani kati ya mikoko ya Watamu, jua likizama Kilifi, visiwa vya Ziwa Bunyonyi nchini Uganda vikiwa na ukungu wa asubuhi. Chini ya picha swali huwa lile lile: hapa ni wapi, na mtu ambaye hajawahi kushika kafi anaweza kwenda? Majibu hugongana. Mmoja anasema hapo ni salama kabisa, maji yametulia tuli. Mwingine anasema hapo hapo watu walikokotwa na mkondo hadi wakaomba msaada wa wavuvi. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Walikwenda siku tofauti, au saa tofauti za siku hiyo hiyo. Tunauliza mahali tukasahau kuuliza saa, na kwenye maji mambo hayo mawili hayatengani.

Kwanza tuelewane vyombo vyenyewe. Kayaki ni chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, kinachoendeshwa kwa kafi lenye bapa kila ncha, ukiwa umeketi na kutazama mbele. Ziko za kukalia juu, ambazo ndizo zinazokodishwa sana pwani na maziwani, na ziko za kuingiza miguu ndani, zinazohitaji mafunzo ya kutoka zikipinduka. Anayeanza achukue ya kukalia juu: urefu wa mita 3 hivi, upana wa sentimita 75 hadi 85, uzito wa kilo 20 hadi 30. Upana huo unaifanya iwe tulivu kuliko watu wanavyodhani. Tena ina matundu yanayopita kutoka juu hadi chini ili maji yajitoe yenyewe, kwa hiyo ukiona maji kidogo yamekusanyika kitini usitaharuki, chombo hakizami.

Zile picha za watu wenye helmeti wakirushwa na maji meupe ya Mto Nile kule Jinja, au Sagana nchini Kenya, ni mchezo mwingine kabisa. Una vyombo vyake, mafunzo yake na hatari zake. Makala haya yanahusu maji tambarare na safari ya siku moja: unatoka asubuhi, unaona vitu vizuri, unarudi kabla jua halijawa kali.

Katika kuchagua eneo, swali linalotangulia yote ni hili: nikichoka, nikaweka kafi mapajani na kuacha kila kitu, nitapelekwa wapi? Kama jibu ni "ufukweni" au "ndani ya hori kwenye mikoko" (hori ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu), eneo hilo na saa hiyo vinakufaa. Kama jibu ni "nje, bahari kuu," usiingie, hata kama maji mbele yako yametulia kama mafuta. Anayejifunza huenda kilomita 3 hadi 4 kwa saa, na baada ya saa moja mabega huanza kulegea. Mkondo wa kilomita 4 kwa saa unatosha kukufanya upige kafi kwa nguvu zako zote ukabaki pale pale, ukitazama mti ule ule.

Upepo

Pwani yetu ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, ikiwa na nguvu zaidi Juni hadi Agosti. Katikati yake kuna tangambili, vipindi ambavyo upepo haujaamua upande, na ndivyo vyenye siku nyingi za utulivu. Machi mwanzoni, kabla mvua za masika hazijakolea, na Novemba kwa siku zisizo na mvua, ni nyakati nzuri sana kwa mtu wa mara ya kwanza.

Juu ya pepo hizo za msimu kuna upepo wa siku. Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, hivyo alfajiri hewa hutiririka polepole kutoka bara. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka na upepo hugeuka, ukaanza kuvuma kutoka baharini, mara nyingi kuanzia saa 4 au 5 asubuhi, ukikua hadi alasiri. Ndiyo maana mtu aliyeingia majini saa 1 asubuhi na yule aliyeingia saa 8 mchana husimulia habari za maeneo mawili tofauti.

Nguvu ya upepo juu ya chombo haiongezeki kwa mstari ulionyooka. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Huhitaji chombo cha kupimia, tazama maji tu. Vichwa vya mawimbi vikianza kuvunjika na kuwa vyeupe hapa na pale, upepo umefika kama kilomita 12 hadi 19 kwa saa, na huo ndio mwisho wa anayeanza. Weupe ukienea kila upande, umevuka kilomita 20, na siku hiyo kaa ufukweni.

Hapa kuna dhana inayodanganya wengi: kwamba ufukwe wenye maji matulivu ndio salama. Chukua upande wa magharibi wa Unguja wakati wa kusi. Kusi hutoka kusini-mashariki, kisiwa kinaukinga, na ufukweni maji ni laini kabisa. Lakini upepo huo unapita juu ya miti na majengo na kuyagusa maji mbele zaidi, ukielekea mlango wa bahari kati ya Unguja na bara. Mita 100 za kwanza ni raha. Kwenye mita 400 au 500 unaanza kusukumwa mgongoni, unafurahi kwamba unakwenda mbio, na unagundua ukigeuka kwamba kurudi ni vita. Ufukwe unaopigwa na upepo kidogo kutoka baharini haupendezi pichani, una viwimbi na povu, lakini ukichoka unakurudisha nchi kavu.

Kwa upepo, kwa hiyo, anza kwa kwenda kinyume nao ungali na nguvu, ili wakati wa kurudi ukusaidie. Gawanya muda wako mafungu matatu: theluthi moja ya kwenda, mbili za kurudi na kupumzika. Ukikodi kwa saa tatu, geuka saa moja ikitimia, popote ulipo.

Maji kujaa na kupwa

Watu wa pwani hujua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Jambo ambalo wageni hawalijui, na wenyeji wengi hawalisemi kwa sababu kwao ni la kawaida, ni kwamba hayaendi kwa kasi moja. Kutoka maji yaliyojaa hadi yaliyokupwa ni saa sita na dakika chache. Wavuvi na mabaharia hukadiria hivi: gawanya tofauti ya kina kwa 12. Saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1.

Tuseme tofauti siku hiyo ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji yanashuka sentimita 30, huoni lolote. Ya pili, 60. Ya tatu na ya nne, sentimita 90 kila moja, yaani nusu ya maji yote huondoka ndani ya saa mbili za katikati. Kisha hupungua tena, 60 na 30. Sasa fikiria hori pana lenye mlango mwembamba. Ni kama uwanja wa mpira baada ya mechi, watu wote wakitokea geti moja: katikati ya uwanja unatembea kwa nafasi, getini unabebwa utake usitake. Kwenye hori, geti hilo ni mlango wa kutokea baharini, na saa mbaya zaidi ni ya tatu na ya nne baada ya maji kuanza kupwa.

Tofauti yenyewe hubadilika na mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi karibu 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti inaweza kuwa mita 1 hivi, na hata saa yenye kasi zaidi hutoa sentimita 25 tu. Mkondo unaobaki ni mtoto.

Kuna jambo jingine zuri zaidi. Kwenye pwani hii, siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maana yake, asubuhi yote ya bamvua maji yanakimbia kutoka, na ukifika saa 4 hori limebaki tope. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa takriban kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Unapata asubuhi yenye maji ya kutosha, mkondo mdogo, na upepo wa bahari bado haujakolea. Ukitumia kalenda ya Kiislamu, tafuta tarehe 7 hadi 9, au 22 hadi 24. Tarehe 14 hadi 16, na 29 hadi 2, waachie wanaojua. Kisha hakikisha saa kamili kwa jedwali la maji la bandari iliyo karibu, kwa sababu kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Tofauti moja na upepo ikumbukwe. Upepo hauna ahadi ya kugeuka, maji yanayo. Kwa hiyo kwenye hori unaweza kwenda na maji yanapojaa na kurudi nayo yanapoanza kupwa, mradi umeisoma saa.

Pwani: wapi hasa?

Kwa upande wangu, Mida Creek karibu na Watamu ndiyo shule bora ya kwanza katika pwani ya Kenya. Ni hori lililozungukwa na mikoko, sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyoanzishwa 1968, na ndege wahamiaji hutua kwa wingi kwenye matope yake kati ya miezi ya Oktoba na Machi. Halina mawimbi ya bahari kuu, kwa sababu mlango wake ni mwembamba. Lakini mlango huo mwembamba ndio ule ule unaokimbiza maji.

Mpango wa Mida uwe hivi. Chagua siku ya maji mafu. Ingia majini saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, ukianzia fukwe za ndani, na uelekee ndani zaidi, mbali na mlango. Maji bado yanaingia, kwa hiyo ukichoka yanakupeleka kwenye mikoko. Yakishajaa husimama kwa muda, na hapo ndipo unaweza kupenya vijia vya kati ya mikoko bila kusukumwa huku wala kule. Maji yakianza kutoka, nawe anza kurudi. Saa ya kwanza yanatoka fungu moja tu. Usisubiri ya tatu. Anayechelewa hapelekwi baharini kila mara, pengine anakwama tu, lakini tope la Mida humeza mguu hadi magotini, na mizizi ya mikoko imejaa chaza wakali kama wembe. Vaa viatu vyenye mkanda wa kisigino. Ndala hubaki topeni.

Kilifi ni kinyume chake. Hori ni refu na lenye kina, halikauki, na mandhari ya kingo zake zenye mibuyu ni ya kupendeza kuliko maneno. Halikulazimishi kuhesabu maji kwa ukali ule, ila lina boti za injini na mashua zinazopita. Kaa upande wa ndani wa daraja, fuata ukingo, na usikate katikati. Ule mng'aro wa maji usiku, unaotokana na viumbe wadogo wanaowaka maji yakitikiswa, ni wa kweli na unastahili kuonwa, lakini si kwa safari ya kwanza na si bila mwongozaji.

Dar es Salaam, wengi huanza kwa kutazama Mbudya kutoka Kunduchi na kuona kisiwa kiko karibu. Ni karibu kilomita 3 za maji ya wazi. Kwa mwendo wa anayeanza ni saa nzima kwenda, na kurudi huwa mchana, upepo umeshaamka. Nenda Mbudya kwa boti. Mazoezi yafanye ukiambaa na ufukwe, asubuhi, mita 50 kutoka nchi kavu.

Pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, mwamba huzuia mawimbi makubwa na ndani yake kuna maji ya bluu yasiyo na kina. Maji yakipwa hurudi nyuma sana, ukaachwa juu ya mchanga na mwani, ukiburuta kilo 25 juani. Nenda saa mbili kabla ya maji kujaa, na usisogelee mapengo ya mwamba, kwani maji yote ya ndani hutokea hapo.

Maziwa

Ziwani hakuna kupwa na kujaa, na watu husema basi huko ni rahisi. Ni rahisi kwa hesabu moja, kisha linakuja swali ambalo bahari haina: nani anaishi humo?

Duluti, pale Tengeru karibu na Arusha, ni ziwa dogo la kreta lisilofika kilomita moja ya mraba, limezungukwa na msitu, na siku ikiwa safi Mlima Meru unaonekana. Popote ulipo, ukingo uko karibu. Kwa mtu wa Arusha au Moshi, sioni sababu ya kuanzia pengine. Momella Ndogo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ina uzuri wa aina yake, lakini ina viboko, na safari zake huenda na askari wa hifadhi. Fuata neno lake.

Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda, limepata sifa kwa haki: visiwa 29, vilima vilivyolimwa ngazi kwa ngazi, na hakuna kiboko wala mamba. Tatizo lake ni kwamba kina huanza ghafla kando ya ukingo, na maji ni baridi kuliko ya pwani kwa kuwa liko juu karibu mita 2,000. Wanaosema "najua kuogelea, jaketi la nini" wakumbuke hilo. Mtu aliyepinduka ndani ya maji baridi huvuta pumzi kwa kushtuka, na akivuta maji, ujuzi wa kuogelea haumsaidii sana.

Naivasha ndipo penye makosa makubwa. Watu huogopa mamba na kumdharau kiboko kwa kuwa anakula majani. Mchana kiboko hulala maji ya kina kifupi, anaweza kukaa chini dakika 5 hivi bila kuonekana, na akishtuka hukimbilia kina kirefu. Kayaki inayoambaa na matete iko katikati ya kiboko na njia yake. Viboko wameua watu Naivasha, wavuvi na watalii pia. Kwa kayaki ya kukodi bila mwongozaji anayejua makundi yako wapi, siipendekezi kwa anayeanza yeyote, achilia mbali upepo wa alasiri wa huko.

Ziwa Victoria lina dhoruba za ghafla, na lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, hasa kwenye kingo zenye majani na maji yasiyokwenda, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hivyo kuteremka kuisukuma kayaki kunatosha. Maji ya bahari hayana konokono hao. Ukishagusa maji hayo usikae na hofu: nenda ukapime baada ya wiki 6 hadi 8. Kupima siku ya pili hakuonyeshi kitu, na dawa ipo.

Kabla ya kuisukuma majini

Inamisha kayaki na utikise. Ukisikia maji yakicheza ndani, ama kizibo kimelegea au kuna ufa. Kizibo kiko nyuma, kidogo kama kifuniko cha chupa, na ni kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Chombo chenye lita 20 ndani huyumba kila ukiinama, maana maji hukimbilia upande ule ule unaolemea.

Shika kafi uone kama upande uliobonyea kidogo unakutazama wewe, na ukingo mrefu wa bapa uko juu. Wengi hulishika kinyume na kulalamika kwamba chombo ni kizito. Jaketi lifunge, kisha mwenzako alivute mabegani kwenda juu. Likifika masikioni, ni kubwa mno au mikanda imelegea. Filimbi ifungwe kwenye jaketi, simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji nawe ujue namba ya mwenye chombo, na beba maji ya kunywa lita 2.

Kabla ya kwenda popote, pinduka kwa makusudi mahali penye kina cha kifua. Igeuze kayaki, ikabili ubavuni karibu na kiti, nyoosha miguu nyuma ielee, piga mateke na ujivute hadi tumbo lilale juu ya chombo. Geuka taratibu ukae, miguu iingie mwisho. Wanaoshindwa huwa wanajaribu kupanda huku miguu ikining'inia chini ya chombo. Ukishindwa mara tatu pale, siku hiyo usitoke nje ya maji unayoweza kusimama.

Na unapolipa, muulize mwenye kukodisha maji yanajaa saa ngapi leo, upepo utageukia wapi, na nani atakuja kukuchukua, kwa chombo gani, usiporudi kwa saa mliyopatana. Anayejua kazi yake hujibu yote matatu bila kutafuta. Akijibu la kwanza kwa "maji yako sawa tu," tafuta mwingine.